Kufungua na Kusoma: Ufuatiliaji wa Usomaji wa Vitabu vya Kidijitali Vyuoni

Utangulizi

Tangu vitabu vya kiada vilipoanza kusomwa kwa kompyuta na simu, umezuka uwezo ambao mwalimu wa zamani hakuwa nao. Kitabu cha karatasi hakimsengenyi msomaji wake. Mwanafunzi aweza kukinunua, akakiweka juu ya kabati mpaka kikaota vumbi, na mwalimu asipate habari. Kitabu cha kidijitali, kinyume chake, chaweza kutoa taarifa: kilifunguliwa lini, ukurasa gani, kwa dakika ngapi, na mikononi mwa nani. Taarifa hizo sasa huweza kupelekwa kwa mhadhiri zikiwa zimekwisha kujumlishwa kuwa tarakimu moja kwa kila mwanafunzi.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ufuatiliaji huo unavyofanya kazi, kutazama jaribio moja mashuhuri lililofanyika Marekani, na kisha kuuliza swali linalowahusu hasa walimu wa lugha: je, kile kinachopimwa na mtambo ni kusoma? Itadaiwa hapa kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe inatofautisha mambo mawili ambayo mtambo huyachanganya, na kwamba tofauti hiyo ina uzito mkubwa pale ambapo alama za mwanafunzi, na pengine heshima yake, zinategemea jibu.

Namna mtambo unavyofuatilia

Mwanafunzi hukifikia kitabu cha aina hii kwa jina lake na neno la siri. Kwa hiyo kila tendo alifanyalo ndani ya kitabu huandikwa pamoja na jina hilo: kufungua, kugeuza ukurasa, kutafuta neno, kuipaka rangi sentensi, kuandika maelezo pembeni, kuweka alama ya ukurasa, kufunga. Kila tendo hupewa saa na dakika yake, kisha hupelekwa kwenye kompyuta kuu ya mwenye programu. Huko matendo hayo huhesabiwa, hupewa uzito mbalimbali, na kujumlishwa. Mhadhiri haoni matendo yenyewe. Aonacho ni orodha ya majina na kipimo mbele ya kila jina, mara nyingi pamoja na rangi: kijani kwa aliye salama, nyekundu kwa anayedhaniwa kuwa hatarini.

Yafaa izingatiwe kwamba katika orodha hiyo ya matendo hamna kusoma. Yaliyomo ni matendo ya vidole. Kusoma kunakisiwa tu kutokana na hayo, kama vile mtu aliye nje ya nyumba anavyokisia kwamba ndani kunapikwa kwa kuona moshi. Makisio hayo mara nyingi ni sahihi, lakini moshi si chakula. Ukurasa ukikaa wazi kwa dakika 20, mtambo hauwezi kujua kama mwanafunzi alikuwa akitafakari aya ngumu au alikuwa amekwenda kuteka maji. Ndiyo sababu baadhi ya programu huacha kuhesabu baada ya muda fulani kupita bila skrini kuguswa. Utaratibu huo unamnyima mwenda maji dakika asizostahili. Kwa bahati mbaya, humnyima pia mwenye kutafakari zile anazostahili.

Jaribio la Texas

Kampuni ya CourseSmart iliundwa Marekani mwaka 2007 na wachapishaji wakubwa wa vitabu vya kiada, miongoni mwao Pearson, McGraw-Hill, Cengage na Wiley, ili kuuza vitabu vyao kwa njia ya kidijitali. Mwezi wa Novemba 2012 ilitangaza chombo cha kumwonyesha mwalimu jinsi wanafunzi wake wanavyokitumia kitabu, nacho kikajaribiwa katika vyuo kadhaa, kimojawapo kikiwa Chuo Kikuu cha Texas A&M kilichoko San Antonio. Kila mwanafunzi alipewa kipimo cha kujishughulisha. Gazeti la New York Times lilipoiandika habari hiyo mwezi wa Aprili 2013, ulizuka mjadala mkali miongoni mwa walimu.

Habari yenyewe ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja, mwalimu aliyekuwa akitumia chombo hicho aligundua kwamba mwanafunzi aweza kufaulu majaribio ilhali hakifungui kitabu mpaka usiku wa kuamkia mtihani. Akajiuliza kama huko ni kujifunza kweli. Hilo ni swali la haki, na pasipo chombo hicho lisingeulizwa. Upande wa pili, iliripotiwa kwamba mwanafunzi mwenye bidii alionekana na kipimo cha chini, na sababu iliyokisiwa ni kwamba maelezo yake aliyaandika kwenye faili nyingine ya kompyuta, mahali ambapo mtambo hauoni.

Utafiti uliofuata haukulifuta jambo lolote kati ya hayo mawili. Reynol Junco na Candrianna Clem, katika makala yao ya mwaka 2015, walichunguza data ya wanafunzi 233. Waliona kwamba kipimo cha kujishughulisha kilitabiri alama za mwisho za somo. Kwamba muda uliotumika kusoma nao ulitabiri kwa nguvu. Na kwamba wanafunzi walioingia katika asilimia 10 ya juu kwa wingi wa sentensi walizozipaka rangi walipata alama za juu kuliko wenzao. Kwa hiyo si kweli kwamba mtambo haupimi chochote. Lakini uhusiano unaopatikana katika kundi la watu 233 hautoshi kuwa hukumu juu ya mtu mmoja. Mhadhiri hamkabidhi kundi karatasi ya matokeo. Humkabidhi mtu mmoja mmoja.

CourseSmart yenyewe ilinunuliwa mwaka 2014 na VitalSource, kampuni iliyokuwa wakati huo chini ya Ingram. Jina likatoweka, utaratibu ukabaki. Hata nje ya vitabu vya kuuzwa, majukwaa ya mafunzo kama Moodle, ambayo yanatumika katika vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, huweka kumbukumbu ya kila mwanafunzi aliyefungua kila faili, na saa aliyoifungua. Tangu vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya Korona na mafunzo kuhamia mtandaoni, mhadhiri wa Kenya naye amekuwa na uwezo huo mezani pake, hata kama hakuuomba.

Msomaji na msomi

Kitenzi soma katika Kiswahili kina upana ambao unahitaji kutazamwa. Mtu husoma barua, husoma Kurani, husoma maulidi, husoma darasa la nne, husoma uanasheria. Katika matumizi ya kwanza tendo ni la macho. Katika ya pili na ya tatu ni la sauti pia, na huenda macho yasihusike kabisa, maana wengi hujua kwa moyo. Katika mawili ya mwisho ni mwenendo wa miaka. Lugha haikuona haja ya kuyatenga hayo kwa vitenzi mbalimbali, kwa kuwa iliyahesabu kuwa hatua za safari moja.

Mahali ilipotenga ni katika viambishi. Tazama tungo hizi mbili:

(a) Mama yake alisoma.
(b) Mama yake amesoma.

Tungo (a) yataja tendo lililofanyika wakati uliopita. Msikilizaji atangoja kuambiwa alisoma nini, au wapi. Tungo (b), ikisemwa pekee, yaeleweka kuwa mama huyo ni mtu mwenye elimu. Kiambishi -me- hakiishii kusema kwamba tendo limekwisha. Chasema kwamba matokeo yake yangalipo kwa mtendaji hadi sasa, kama ilivyo katika amelala, amesimama, ameelewa. Aliyelala jana huenda yu macho. Aliyelala, kwa maana ya amelala, yu usingizini.

Vivyo hivyo katika uundaji wa nomino. Kutokana na soma hupatikana msomaji na msomi. Msomaji, kwa kiambishi tamati -aji, ni yule afanyaye tendo: msomaji wa gazeti, msomaji wa habari redioni. Msomi ni yule ambaye kusoma kumemkaa. Mtu aweza kuwa msomaji hodari wa taarifa ya habari asiwe msomi. Na msomi aliyepofuka macho uzeeni hakuacha kuwa msomi.

Sasa yaweza kuelezwa kwa maneno machache kile ambacho mtambo hufanya. Ushahidi wake wote ni wa -li-: alifungua, aligeuza, alipaka rangi, alifunga. Anachohitaji kujua mhadhiri ni cha -me-: je, amesoma? Hakuna wingi wa -li- unaoweza kugeuka kuwa -me- kwa kujumlishwa tu. Daraja kati ya hizo mbili hujengwa kwa mwanafunzi kuulizwa na kujibu, iwe kwa mdomo au kwa maandishi.

Kiswahili kina pia umbo la kusomewa, nalo huleta tatizo jingine. Wanafunzi watano wasio na fedha za kununulia data hukusanyika kwenye chumba cha mmoja wao. Mwenye simu husoma kwa sauti, wengine husikiliza, huuliza na kubishana. Kwa mtambo, mmoja alisoma na wanne hawakufanya lolote. Kwa lugha, mmoja alisoma, wanne walisomewa, na wote watano huenda wamesoma. Yule aliyechapisha sura nzima kwenye karatasi ili macho yapumzike, naye huonekana amefungua kitabu mara moja kisha akakitupa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtambo hausikii mshindo wa aina hiyo.

Maandiko yasiyopimika kwa kurasa

Katika idara za lugha kasoro hiyo huongezeka, kwa sababu maandiko yanayosomwa humo hayasomwi yote kwa mwendo mmoja. Mifano mitatu yatosha.

Wa kwanza ni ushairi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina beti zisizofika mia moja, kila ubeti ukiwa na mishororo minne. Kwa hesabu ya kurasa ni kazi ya nusu saa. Kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa msamiati wa Kiamu, mizani, na jinsi magofu ya Pate yalivyogeuzwa kuwa onyo kwa moyo wa mshairi, ni kazi ya wiki kadhaa. Tena shairi hukaririwa. Aliyelihifadhi hana haja ya kulifungua. Na kadiri anavyolijua zaidi, ndivyo kipimo chake kinavyoshuka.

Wa pili ni miswada ya hati ya Kiarabu, ambayo sasa hupatikana kwa picha katika maktaba za kidijitali. Katika maandishi ya kale irabu i na e ziliandikwa kwa alama moja ya kasra, na u na o kwa alama moja ya dhamma. Hivyo kiti na keti huweza kuandikwa sawasawa, na kuku na koko pia. Msomaji hawezi kutamka neno kabla ya kulielewa, wala kulielewa kabla ya kutazama neno lililotangulia na lile linalofuata, na vina vya ubeti. Mstari mmoja waweza kumchukua saa nzima, naye ameukodolea macho ukurasa ule ule pasipo kuigusa skrini. Hakuna usomaji mzito kuliko huo, na hakuna ambao mtambo utauona mwepesi zaidi.

Wa tatu ni kamusi. Hakuna asomaye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, kuanzia jalada hadi jalada. Huchunguliwa kwa sekunde chache, mara nyingi, kwa kurukaruka. Programu iliyoundwa kwa ajili ya kitabu cha uhasibu, chenye sura zinazofuatana, itamwona mwanafunzi wa leksikografia kuwa mtu asiyetulia.

Istilahi na msimamo

Jina linalopewa jambo huonyesha mahali anaposimama mwenye kulitaja. Wauzaji wa vyombo hivi na watawala wa vyuo hupendelea maneno kama kufuatilia na kusimamia. Fuatilia limetokana na fuata kwa kunyambuliwa katika kauli ya kutendea, nalo hubeba maana ya kufuata kwa kudumu na kwa kujali; mzazi hufuatilia masomo ya mwanawe. Mtafiti atasema kuchunguza. Mwanafunzi, akiulizwa, huenda akasema kuchungulia. Yafaa ikumbukwe kwamba maneno haya mawili ya mwisho yana shina moja, chungua. Chunguza ni kutazama kwa makini mpaka ukweli ujulikane. Chungulia ni kutazama kwa siri kupitia upenyo.

Tofauti kati yao haimo katika jicho, kwa kuwa jicho ni lile lile. Imo katika mambo mawili: kama anayetazamwa anajua, na kama anayetazama ana jambo analolitafuta. Mhadhiri aliyewaeleza wanafunzi wake mapema, akaitafuta sura iliyowashinda wengi ili aifundishe upya, anachunguza. Aliyepewa orodha ya majina na rangi, wanafunzi wasijue, akaitumia kumpunguzia alama asiyempenda au kumshuku asiyemjua, anachungulia, hata kama chombo chake kinaitwa cha kisasa.

Siri ya msomaji na sheria

Si wanafunzi tu waliopata kudai siri katika kusoma. Chama cha Maktaba cha Marekani, katika kanuni zake za maadili za mwaka 1939, kiliwawajibisha wakutubi kuzitunza kwa siri habari za wasomaji wanazozipata kazini. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu anayejua kwamba kila ukurasa aufunguao unaandikwa, ataogopa kufungua ule ambao waweza kumletea shaka: kitabu cha siasa, cha dini isiyo yake, cha ugonjwa alio nao.

Nchini Kenya, ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeifafanua. Kwa mujibu wa sheria hiyo, data ya mtu hukusanywa kwa kusudi lililotajwa, wala isizidi kiasi kinachohitajiwa. Kifungu cha 26 kinampa mhusika haki ya kuelezwa data yake inatumiwaje, kuiona, kupinga matumizi yake na kudai makosa yasahihishwe. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mtambo peke yake. Kwa mhadhiri maana yake ni hii: kipimo cha kujishughulisha hakiwezi kuingizwa katika alama kimyakimya, na mwanafunzi akitaka kujua tarakimu yake ilipatikanaje, lazima pawepo mtu wa kumjibu. Mara nyingi mhadhiri hawezi kujibu, maana uzito wa kila tendo ni siri ya mwenye programu. Jambo ambalo mwalimu hawezi kulieleza kwa mwanafunzi wake halifai kutumiwa kumhukumu.

Matumizi yafaayo

Haimaanishi kwamba data hiyo itupwe. Iko faida ya kweli ndani yake. Ikiwa wanafunzi 50 kati ya 60 waliacha kusoma mahali pamoja katika sura ya tatu, kosa huenda ni la sura. Ikiwa kitabu kilichotajwa katika mtalaa hakikufunguliwa na yeyote kwa muhula mzima, mtalaa una swali la kujibu. Na ikiwa mwanafunzi aliyekuwa akionekana kila siku ametoweka kwa wiki tatu, inafaa mtu ampigie simu. Pengine ni mgonjwa, pengine karo imemzuia.

Kinachoharibu ni kugeuza kipimo kuwa lengo. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alionyesha mwaka 1975 kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika mara tu unapotumiwa kutawalia. Mwanafunzi akijua kwamba kurasa zinahesabiwa ili apewe alama, atazigeuza. Akijua kwamba rangi inahesabiwa, atapaka hata jalada. Debe tupu haliachi kuvuma, na mtambo hupenda uvumi. Wakati huo hata lile alilolijua mhadhiri mwanzoni litakuwa limempotea, kwa kuwa ishara zote zitakuwa za kughushi.

Kwa hiyo masharti manne yanapendekezwa. Kwanza, wanafunzi waelezwe siku ya kwanza ya muhula ni nini kinachoandikwa na nani atakiona. Pili, mhadhiri atumie jumla za darasa katika kurekebisha mafundisho, na majina yatajwe pale tu panapotakiwa msaada. Tatu, kipimo kisiwe sehemu ya alama. Nne, kumbukumbu zifutwe muhula unapokwisha na rufaa za matokeo zinapokuwa zimeamuliwa.

Hitimisho

Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mwalimu hakuwa na njia ya kujua kama mtoto alikuwa amefungua juzuu nyumbani. Alimwita mbele yake akamwambia asome, akamsikiliza. Alipokosea alimrudisha nyuma. Alipopita alimsogeza mbele. Huo nao ulikuwa ufuatiliaji, tena mkali, lakini ulimtaka mwalimu awepo na asikilize. Darasa la chuo kikuu lenye wanafunzi 300 halimruhusu mhadhiri kufanya hivyo kwa kila mmoja, na ndipo mtambo unapopata soko. Lakini upungufu wa wahadhiri hautibiwi na wingi wa tarakimu. Maswali matano ya mdomo katika kikundi kidogo, au aya moja iandikwayo darasani juu ya sura iliyosomwa, humwambia mhadhiri zaidi ya rangi ya kijani mbele ya jina. Mtambo utabaki kuwa shahidi wa kufungua. Ushahidi wa kusoma hutoka kwa aliyesoma.